Haja, Raha na Fahari ya Jicho

Katika viungo vyote alivyopewa mwanadamu, jicho ndicho kiungo tunachoogopa zaidi kukigusa. Mtu huweza kustahimili mwiba mguuni mpaka afike nyumbani, lakini chembe ya vumbi ikimwingia jichoni husimama papo hapo njiani. Kwa hiyo si ajabu watu kushtuka wasikiapo kwamba siku hizi madaktari hulichonga jicho kwa mwanga, ili mtu aliyezoea miwani aiweke kando na aone bila msaada wake. Upasuaji huo hufanywa Nairobi, na habari zake zimefika Garissa. Palipo na jambo jipya hapakosi mabishano. Wako wasemao kuwa ni dhambi kubadili umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu. Na wako wasemao kuwa mwenye fedha yake ana hiari ya kuitumia apendavyo, na wengine hawana la kuuliza. Yafaa tuzipime kauli hizi mbili, maana kila moja ina sehemu ya ukweli, na hakuna hata moja iliyo na ukweli wote.

Kabla ya kulihukumu jambo ni wajibu kulijua. Mbele ya jicho pana ngozi angavu iitwayo konea, ambayo unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Mwanga upitapo hapo hupindwa, kisha hupindwa tena na lenzi iliyo ndani, hata ukutane nyuma ya jicho juu ya utando uitwao retina. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina. Mwenye jicho hilo huona vema kitabu kilicho mkononi mwake, lakini maandishi ya ubaoni kwake huwa ukungu. Miwani huupinda mwanga kabla haujaingia jichoni. Leza hufikia shabaha ile ile kwa njia nyingine, yaani huondoa sehemu ndogo sana ya konea ili umbo lake libadilike. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman, huko California, mwaka 1960. Mapema katika miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba aina moja ya leza, itoayo mwanga wa urujuanimno, huweza kuondoa nyama ya mwili tabaka kwa tabaka pasipo kuunguza iliyo kando yake. Kabla ya muongo huo kwisha, macho ya watu yalikuwa yamekwisha kutengenezwa kwa mwanga huo. Katika namna ijulikanayo zaidi, iitwayo lasiki, daktari hukata kifuniko chembamba juu ya konea, hukifunua, huelekeza leza chini yake kwa muda mfupi, kisha hukirudisha mahali pake.

Wanaotukataza kuligusa umbo la Mungu wana heshima ndani ya neno lao, na heshima hiyo haifai kudharauliwa. Mtu asiyeona utukufu wowote katika mwili wa mwenziwe ni wa kuogopwa, hasa akiwa na kisu mkononi. Lakini tukilifuata neno hilo hata mwisho, itatubidi tumkataze bibi kizee aliyepofuka kwa mtoto wa jicho asitibiwe, na tumvue miwani kila aivaaye. Yapata mwaka 1000 tabibu Ammar bin Ali, mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Misri, alieleza namna ya kuondoa mtoto wa jicho kwa kufyonza kwa sindano yenye tundu. Katika zama hizo hizo Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika huko Misri kitabu kikubwa juu ya kuona. Humo alionyesha kwamba twaona kwa sababu mwanga huja jichoni kutoka katika vitu, wala jicho halitoi miale ya kuvifuata. Vitabu vya mabingwa kama hawa vilisomwa na wanazuoni kwa karne nyingi. Wahenga wetu nao walisema: hujafa, hujaumbika. Maana yake ni kwamba aliye hai bado aweza kupatwa na kilema, basi asimcheke aliyekwisha kupatwa. Lakini methali hiyo yatukumbusha pia kwamba umbo la mtu halikufungwa siku ya kuzaliwa kwake. Maradhi hulibadili, uzee hulibadili, na tiba huweza kulitengeneza. Kuponya si kushindana na Muumba.

Hata hivyo, hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Mtoto wa jicho ni maradhi, na asiyeondolewa hupofuka. Lakini kijana ambaye miwani humwonyesha kila kitu sawasawa hana upofu wa kuponywa. Anataka konea iliyo nzima ikatwe ili asivae vioo. Je, twaweza kumlinganisha na yule bibi kizee? Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wa zamani, akiwamo Imamu Ghazali aliyefariki mwaka 1111, waligawa maslahi ya watu katika daraja tatu: ya dharura, ya haja, na yale ya kupamba na kukamilisha. Mtu wa dini yoyote aweza kujifunza kutokana na mgawanyo huo. Kwa upasuaji huu wa jicho, mizani yetu na iwe haja, raha na fahari.

Haja ni ya mtu ambaye macho yake hayasaidiki vya kutosha kwa miwani, au ambaye kazi yake haipatani nayo. Mzimamoto huvaa kinyago cha kupumulia mbele ya moto, na mwanaanga hufanya kazi mahali ambapo kioo kilichopotea hakiokotwi. Mwaka 2007 NASA, shirika la Marekani la safari za anga, lilianza kuwakubali wanaanga waliotengenezwa macho kwa leza.

Raha ni ya mtu aliyechoka kufuta vumbi na jasho katika vioo vyake kutwa mara kumi. Kutaka raha si dhambi, lakini mwenye kuitaka sharti ajue bei yake, na fedha ni sehemu moja tu ya bei hiyo. Baada ya upasuaji macho huweza kuwa makavu kwa miezi, na kwa wengine zaidi. Taa za usiku huweza kuonekana zimezungukwa na pete. Mara chache konea hudhoofika na kuharibu kuona kwenyewe. Mkazi wa Garissa, mahali pa jua kali, upepo mkavu na vumbi, ana sababu ya kumwuliza daktari juu ya ukavu huo kabla hajalala kitandani. Tena, leza haizuii uzee: aliyetengenezwa ili aone mbali, apitapo miaka 40 na kitu, huenda akahitaji miwani ya kusomea kama wenzake wa umri ule.

Fahari ni ya mtu anayeikimbia miwani kwa kuwa watu watamcheka. Huyu anastahili huruma kuliko lawama, lakini tumtazame vizuri. Jicho lake silo lenye ugonjwa. Ugonjwa umo katika vinywa vya wanaomcheka. Msichana anayeficha miwani katika mkoba darasani, akakubali kukosa somo kuliko kuitwa jina baya, hana haja ya leza. Ana haja ya wanafunzi wenzake wenye adabu. Tukimpeleka yeye kwa mpasuaji, tumemkata aliyeonewa na kumwacha mwonevu akiwa mzima.

Sasa twaja kwa yule asemaye kuwa fedha ni zake. Atauliza, nikitengeneza macho yangu kwa jasho langu, nimemnyang'anya nani? Ni lazima tukiri kwamba hajamnyang'anya mtu. Kumzuia mfanyabiashara asiende Nairobi hakutamfanya mtoto wa Hulugho au Masalani aone ubao. Lakini fedha ya umma, muda wa madaktari wachache na fikira za viongozi si mali ya mtu mmoja, nazo yafaa ziende kwanza penye haja. Toka Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350, na mtoto wa kijijini ana safari nyingine ndefu kabla ya kufika mjini Garissa. Mtoto huyo hajui kwamba wengine huona kuliko yeye; hudhani ulimwengu wote ni ukungu. Asiponakili maandishi ya ubaoni huitwa mvivu, kisha mjinga, na mwishowe huamini, akaacha shule. Kumbe alichokosa ni vioo viwili na mtu wa kumpima.

Hali hii si ya Garissa peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba wasiopungua bilioni 1 kati yao wana upungufu ambao ungaliweza kuzuiwa, au ambao haujashughulikiwa. Na dawa si lazima iwe ya ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulieleza habari za shule 50 za Trans Nzoia, ambamo walimu waliwapima wanafunzi macho. Katika shule zilizopima kwa chati ya kawaida na kuwapa watoto barua, watoto 22 katika kila 100 walioonekana wana upungufu walifika hospitalini. Katika shule zilizotumia simu za mkononi, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe, walifika 54. Walioleta tofauti hiyo ni mwalimu aliyefundishwa kupima na mzazi aliyekumbushwa.

Basi hukumu yetu ni hii. Mkono wa mwanadamu una ruhusa ya kulitengeneza jicho, lakini kadiri haja ipunguavyo, ndivyo tahadhari inavyopasa kuzidi. Na kwa mali ya wote, miwani ya mtoto na mtoto wa jicho wa mzee vitangulie raha ya yeyote. Wewe kijana uliye shuleni, leza si ya umri wako, kwa kuwa jicho lako lingali linabadilika, na madaktari hungoja walau miaka 18 na macho yaliyotulia. Lakini kupimwa macho ni kwa umri wako, kadhalika kuvaa miwani bila haya, na kumwambia mwalimu kwamba jirani yako wa dawati haoni.

Methali husema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Haikusema kwamba macho ni kitu kidogo. Imeyachagua kuwa kipimo kwa sababu ni kitu kikubwa. Mwenye macho mazima apitaye kando ya asiyeona, asiulize habari zake, amekwisha kufa kile kilicho kikubwa zaidi, na leza ya kumtengeneza huyo haijapatikana.