Mgao wa Heshima

Katika machimbo madogo ya Geita, na ya Kahama mkoani Shinyanga, dhahabu aghalabu haina mwenyewe mmoja. Shimo huitwa duara, na nyuma ya duara wamo watu wengi: mwenye leseni, mwenye duara, mfadhili aliyetoa chakula na magogo ya kuzuia udongo, na vijana walioshuka kwa kamba gizani. Mawe yakipanda hugawanywa kwa mifuko, kila mtu kwa kadiri ya alichotia. Ugomvi haukosekani, lakini huwa juu ya hesabu kuliko juu ya kanuni. Hapana mchimbaji atakayekubali kwamba mpita njia aliyeona mawe yakitoka anayo haki ya kudai mfuko.

Kanuni hii ya watu wa kawaida yafaa kuletwa mbele ya swali ambalo wasomi hulipita kwa haraka. Mwanariadha wa taifa dogo akishinda katika michezo ya mataifa, watu wa taifa lake husema, "Tumeshinda." Akishindwa, husema, "Ameshindwa." Badiliko hili la nafsi, kutoka wingi kwenda umoja, ni jambo dogo katika sarufi na kubwa katika maadili.

Si kwamba mtazamaji hana sehemu kamwe. Katika ngoma za Usukuma, Bagika na Bagalu hucheza kwa kushindana siku moja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Hapo mtu anayevuka uwanja kutoka kundi moja kwenda jingine ametia kitu. Miguu yake mwenyewe imehesabiwa. Walakini katika mbio za mita 1,500 miguu inayohesabiwa ni ya mkimbiaji peke yake.

Udogo unaotajwa hapa si wa ardhi wala wa watu. Tanzania ni nchi pana. Ni udogo wa kabati la medali. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 1924 ilipotimiza miaka mia, yaani hadi Paris ya 2024, nchi hii ilikuwa na medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: moja ya Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, nyingine ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Wenye mzaha husema ni ajabu kwa nchi ya Geita na Bulyanhulu kukosa dhahabu. Mzaha huo haufiki mbali, maana medali ya dhahabu ya Paris ilikuwa na uzito wa gramu 529, na dhahabu iliyomo ilikuwa gramu 6. Zilizobaki karibu zote ni fedha. Mchimbaji wa Nyarugusu angeipima mkononi na kuirudisha.

Basi, taifa lilitia nini katika duara la watu wale? Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, akila na kufundishwa huko. Kwa hesabu ya Geita, mfuko mmoja wa heshima yake ni haki ya El Paso. Tamko hili halipendezi masikio, lakini mwenye kulikataa hana budi kuonyesha chakula alichotoa yeye.

Habari ya Bayi ni nzito zaidi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand, naye pia chini ya rekodi ya zamani. Dunia ikangoja wakutane tena Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi, nayo Kamati ya Olimpiki ikakataa kuifukuza New Zealand. Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zikasusa. Walker akashinda.

Sababu ya kususa ilikuwa ya haki. Anayesema michezo haihusiani na siasa amesahau kwamba Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia kuchagua wachezaji kwa rangi ya ngozi. Lakini haki ya jambo haifuti gharama yake, wala haimwambii mtu ni nani atakayelipa. Taifa lilitoa tamko. Bayi alitoa mwaka wake wa ishirini na tatu. Mfadhili aliyepoteza chakula msimu huu aweza kufadhili msimu ujao, bali miguu ya kijana haingoji mvua ya pili. Kama "tulisusa" ni neno la wingi, hasara nayo ilipasa kuwa ya wingi, na taifa likabaki na deni kwake hata kama lilikuwa na haki ya kumzuia.

Huenda mtu akajibu kwamba deni lililipwa mwaka 1980. Ni kweli kwamba Marekani ilipotaka Moscow isusiwe, ikamtuma Muhammad Ali Dar es Salaam, Nyerere alikataa kumpokea, na Tanzania ikaenda. Lakini kumruhusu mtu ashuke shimoni si kumpa mfuko. Medali ile Bayi aliichimba mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na saba, katika mbio nyingine, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Safari hii aliyebaki nyumbani kwa uamuzi wa wakubwa alikuwa Walker.