Namba Ngapi Kwenye Mkeka?

Siku ya kufunga shule, kabla hata sijavua viatu, swali nyumbani lilikuwa moja: umekuwa namba ngapi? Hakuna aliyeuliza nimejifunza nini. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini lile swali halikuondoka nayo. Kazini tao linanisubiri kwenye ubao wa mauzo kila Jumatatu. Na mimi, bila kujua, nikalibeba hadi kwenye mkeka wa yoga.

Darasa letu liko Westlands, Jumamosi asubuhi. Natoka Kangemi na matatu, mkeka umekunjwa kwapani, konda akiniuliza kama nahamia wapi. Jumamosi moja tukaambiwa tujaribu pozi la kunguru. Unachuchumaa, viganja chini, magoti juu ya mikono, halafu unaegemea mbele polepole hadi miguu iachane na sakafu. Wanasema uangalie mbele. Mimi nilimwangalia dada aliyekuwa kando yangu, anaelea kama hana mifupa. Nikajisukuma nimpite. Paji la uso likagonga sakafu, pa!

Haraka nikasema, “Kunguru amegongwa na matatu!” Darasa zima likacheka. Nilifurahi sana, na ni hiyo furaha iliyonisumbua njia yote ya kurudi. Kumbe mzaha wangu pia ulikuwa mashindano. Nimekosa namba moja ya kuelea, basi nikachukua namba moja ya kuchekesha.

Tunapenda kusema dawa ya ushindani ni kujicheka. Sina uhakika. Kuna kicheko cha ngao: unajicheka mapema ili wengine wasikuwahi. Na kuna kicheko kingine, cha mtu aliyeona jambo la kuchekesha na jambo lenyewe ni yeye. Kipimo changu ni rahisi: ungecheka kama hakuna anayekuona?

Utaniambia bila ushindani hakuna bidii, na hii ni Kenya, nchi ya wakimbiaji. Sawa, lakini mbio zina utepe. Kunguru hana utepe. Ukimshinda jirani yako, umeshinda nini? Africa Yoga Project ilianza hapa Nairobi 2007, baada ya Mmarekani Paige Elenson kukutana na vijana wa sarakasi wa Kenya. Napenda kwamba hadithi hiyo inaanzia kwa wanasarakasi. Kwao kuanguka ni sehemu ya mazoezi. Hakuandikwi kwenye ripoti ya muhula.

Halafu kuna hili. Kwa Kisanskriti pozi lile huitwa bakasana, na baka si kunguru hata kidogo. Ni ndege wa miguu mirefu, kama korongo. Yaani muda wote huo nilikuwa nafeli kuwa ndege ambaye si yeye.

Juzi usiku nilijaribu tena chumbani, mto umewekwa mbele ya uso. Miguu ikapanda, nikahesabu moja, mbili, nikaanguka na mto ukateleza. Nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

“Kuna nini huko?”

“Nimeanguka tu!”

“Umeumia?”

Hilo, nikawaza, ndilo swali lililopaswa kuulizwa tangu zamani.

“Sijaumia,” nikamjibu, nikarudisha mto mahali pake.