Je, Mgonjwa Aruhusiwa Kufurahia Kazi ya Mikono?



Mwaka huu nalipasuliwa ngiri, nikarudishwa nyumbani kwangu hapa Kariakoo. Daktari akaniagiza nisiinue kitu kizito wala nisihubiri kwa majuma sita. Juma la kwanza nalilala tu. Juma la pili maumivu yalipungua, na uchungu mwingine ukaanza, yaani uchungu wa kukaa bure. Dirishani nalisikia mikokoteni ikielekea Mtaa wa Kongo, na wachukuzi wakipaza sauti wapishwe njia. Nami nimeketi kama mzigo uliosahauliwa.

Mke wangu alipoiona hali yangu, alinipa sindano, nyuzi za rangi, na kitambaa kilichofumwa wazi hata nyuzi zake zahesabika. Akanifundisha mshono wa msalaba: uzi wapita mshazari, wa pili waukata juu yake, na msalaba mdogo umekwisha, kisha wahesabu tena, waanza mwingine. Kazi hii haitaki nguvu. Yataka macho na saburi. Siku ya kwanza nalikosea hesabu, nikafumua mstari mzima. Siku ya nne jani moja la kijani likaonekana, nami nikafurahi kama mtoto.

Alasiri moja wazee wa usharika wakabisha hodi. Kabla sijaitikia, nalikificha kitambaa chini ya mto. Wakaniuliza, “Mchungaji, siku zako wazipitishaje?” Nikajibu kwamba nasoma na kuomba. Ni kweli nalisoma na kuomba. Lakini jibu lile lilikuwa nusu, na nusu iliyofichwa iliniuma kuliko mshono wa daktari.

Usiku nalijiuliza: Naliona haya kwa sababu gani? Je, ni kwa kuwa kudarizi ni kazi ya wanawake? Sivyo, maana huko Unguja na Lamu wanaume kwa wanawake hushona kofia kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa majuma mengi. Je, ni kwa kuwa ni uvivu? Mtume Paulo aliwakemea Wathesalonike wasiotaka kufanya kazi, hakuwakemea wasioweza. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi wahubiri twaisahau mara nyingi.

Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliopiga kambi hapa baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Mpagazi alitakiwa kwa ajili ya mzigo wake. Hata leo katika mitaa yetu mtu hupimwa kwa alichobeba na alichouza. Nami, niliyewafundisha vijana wa kipaimara miaka mingi kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo, nalikuwa nikijihesabia mahubiri yangu, mazishi niliyoyaongoza na nyumba nilizozitembelea. Yalipoondolewa hayo, nikajiona si kitu. Kinywa changu kilikuwa cha Luther, lakini moyo wangu ulikuwa wa sokoni.

Labda mtu atasema, “Basi kitambaa na kiuzwe, au wapewe maskini, kama Dorkasi wa Yafa alivyowashonea wajane.” Twamsifu Dorkasi, na kutoa ni kwema. Lakini nikikimbilia jibu hilo, natafuta tena ruhusa ya kufurahi kwa kuonyesha faida. Mungu mwenyewe alistarehe siku ya saba, wala hakuwa amechoka. Furaha ndogo ya mikono ni kipawa. Mgonjwa na aipokee kwa shukrani.

Hata hivyo, furaha hii yaweza kuharibika. Mtu aliyekwisha kupona, akiendelea kujifungia na sindano ili asiitwe kazini, huyo amejificha. Na ajipime hivi: Je, baada ya kushona nampokea mke wangu na watoto kwa upole zaidi, au nawaona wasumbufu?

Wazee walipokuja tena, walinikuta na kitambaa magotini. Nikawaambia habari ya mto. Walicheka, ila mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, hakucheka. Alikishika kitambaa kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mchungaji, utotoni mama yangu alinifundisha kusuka ukili. Tangu nistaafu mikono yangu yatamani, lakini naliogopa kuchekwa.”

Basi, ndugu zangu wainjilisti na walimu, mwendapo kumtazama mgonjwa, msimwulize tu atarudi lini kazini. Mwulizeni pia mikono yake yapenda nini. Huenda yeye naye ameficha kitu chini ya mto.