Unamkabidhi nani nyumba yako?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, ukipita katika mitaa ya Dar es Salaam utaona kuta zimeandikwa kwa rangi: "Nyumba hii haiuzwi." Tumeyazoea maandishi hayo kiasi kwamba hatujiulizi tena. Hivi mji umefika wapi hata mwenye nyumba, aliyelala ndani ya nyumba yake, alazimike kutangaza ukutani kuwa haiuzi? Jibu tunalijua. Wapo watu wanaouza nyumba zisizo zao, na mara nyingi mnunuzi hupelekwa hapo na mtu anayejiita dalali.

Sasa ikiwa asiyeuza anajihami namna hii, yule anayeuza kweli anajihami vipi? Mtu hujenga nyumba moja kwa miaka ishirini, leo tofali, kesho bati, pengine kwa kiinua mgongo chake chote. Siku ya kuuza, kwa sababu ya maradhi, ada au mirathi, anaikabidhi kwa kijana wa kijiweni ambaye hajui hata anakoishi. Mtu huyu huyu akinunua kuku sokoni humgeuza mara tatu!

Tuanze kwa kusema wazi kuwa udalali si haramu. Imamu Bukhari ameweka mlango mzima katika Sahihi yake kuhusu ujira wa dalali, akataja kuwa Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Na katika Hadithi ya Qays bin Abi Gharaza, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, tunaelezwa kuwa wafanyabiashara wa Madina walikuwa wakiitwa masamasira, yaani madalali, Mtume (s.a.w.) akawaita kwa jina zuri zaidi, wafanyabiashara. Kisha akawatahadharisha kuwa katika kuuza na kununua huingia maneno ya upuuzi na viapo, hivyo wachanganye biashara yao na sadaka. Kazi ni halali, lakini ina mtego wake, na mtego huo uko kwenye ulimi.

Je, tumchague nani? Qur'an imetupa kipimo katika Surat Al-Qasas, aya ya 26. Binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amuajiri Musa (a.s.), akaeleza kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na muaminifu. Sifa ni mbili, na zote zinatakiwa. Dalali muaminifu asiyejua bei za mtaa, asiyejua hati miliki inatofautiana vipi na leseni ya makazi, atakuuzia kwa hasara huku akikuombea dua. Na dalali mjuzi asiye na amana atakuibia kwa ustadi. Tusichague nusu ya kipimo.

Na amana haipimwi kwa kanzu wala kwa alama ya sijida. Imepokewa kuwa Umar bin Khattab (r.a.) aliletewa mtu aliyedai kumjua mwenziwe kwa wema. Umar akamuuliza kama amewahi kuwa jirani yake, kama amewahi kusafiri naye, na kama amewahi kufanya naye muamala wa pesa. Yote akajibu hapana. Umar akamwambia kuwa basi hamjui, huenda alimuona tu msikitini akiinua na kuinamisha kichwa. Waislamu wenzangu, hayo ndiyo maswali ya kuuliza kabla hujatoa funguo. Nani kauziwa nyumba na dalali huyu? Nenda kwake umuulize. Je, serikali ya mtaa inamjua? Ana mahali anapopatikana, au ana namba ya simu tu ambayo kesho haitapatikana? Na asiwe dalali kwa sababu tu ni mtoto wa shangazi. Undugu haujaza pengo la uaminifu.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe, cha juu. Tuseme mwenye nyumba anataka shilingi milioni 80. Dalali anamwambia mnunuzi ni milioni 95. Anahakikisha wawili hao hawakutani, milioni 15 anazitia mfukoni, kisha anarudi kwa mwenye nyumba kudai asilimia yake katika zile 80. Na watu wanamsifu kuwa ni mjanja!

Mtazame Urwa al-Bariqi (r.a.). Katika Hadithi ya Bukhari, Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja amnunulie mbuzi. Urwa akapata mbuzi wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake. Hakusema kuwa dinari ile ni jasho lake wala kwamba aliyemtuma hajui. Mtume (s.a.w.) akamuombea baraka katika biashara yake, ikawa hata angenunua udongo angepata faida. Wakala anayerudisha ziada ndiye aliyepata dua ya Mtume. Huyu wetu anayeificha anatarajia dua ya nani?

Atasema dalali kuwa Ibn Abbas (r.a.) aliruhusu mtu kumwambia mwenziwe auze nguo, na kitakachozidi kiasi fulani kiwe chake. Ni kweli, na Bukhari ameitaja kauli hiyo. Wanazuoni wengi hawakuikubali kwa kuwa ujira wake haujulikani, lakini hata ukiishika, hapo mwenye mali amesema mwenyewe na ameridhia. Kilichosemwa wazi na kilichofichwa si kitu kimoja. Kwa hiyo, kabla dalali hajapeleka mteja wa kwanza, tajeni ujira wake: ni kiasi gani, unalipwa lini, na kama anachukua pia kwa mnunuzi basi pande zote mbili zijue. Na siku ya makubaliano, mwenye nyumba na mnunuzi wakae uso kwa uso. Dalali anayekataa mkutano huo ameshajieleza.

Pia ajiepushe na najshi, ambayo Mtume (s.a.w.) ameikataza katika Hadithi ya Ibn Umar. Najshi ni kuleta mtu asiye na nia ya kununua apandishe bei ili mnunuzi wa kweli ahadaike. Wale "wateja" wanaopigiwa simu mbele yako na kudaiwa kuwa wako njiani na pesa taslimu, wengi ni wa aina hii.

Lakini haki haiko kwa dalali peke yake. Muuzaji naye asijifiche nyuma ya dalali. Nyumba inaingia maji kila masika, au ina kesi mahakamani, au eneo limewekewa alama ya kubomolewa, kisha mwenyewe anamwambia dalali, "Hayo usiyaseme." Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kuna unyevu, akasema kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Ameipokea Muslim. Uongo alioutuma tajiri na kuutamka dalali una dhambi ya wote wawili.

Na je, nyumba ni yako peke yako? Hapa ndipo machozi mengi yanapotoka. Kaka mkubwa anamchukua dalali, anauza nyumba ya marehemu baba yao, mjane na mabinti wanapata habari siku wanapotolewa vyombo nje. Allah (S.W.) ameshagawa mirathi katika Surat An-Nisaa, na katika aya ya 10 ameonya kuwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Dalali mcha Mungu huuliza kwanza: msimamizi wa mirathi ni nani, na warithi wote wameridhia? Hata nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwingine.

Jirani na mshirika wasisahauliwe pia. Abu Rafi (r.a.) alimuuzia Saad bin Abi Waqqas (r.a.) vyumba vyake viwili kwa dirhamu 4,000 za kulipwa kidogo kidogo, ilhali alikwishapewa ahadi ya dinari 500. Alieleza kuwa amefanya hivyo kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema jirani ana haki zaidi. Leo jirani husikia kwa dalali!

Mwisho, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na inamtaka walii wa asiyeweza asimamie kwa uadilifu. Basi wazee wetu wasiojua kusoma wasitie dole gumba bila mtoto au ndugu muaminifu kuwasomea. Upekuzi wa hati ufanyike kwa msajili, mkataba upite kwa wakili, pesa zipite benki kwa jina la mwenye nyumba na si kwenye simu ya dalali. Kufanya hivyo si kumdhania mtu vibaya, ni kumtii aliyeteremsha aya.

Na wewe ndugu yangu dalali, unapokea jasho la maisha ya mtu mkononi mwako. Mlipwe haki yenu kamili, msicheleweshewe, lakini rudisheni amana kwa wenyewe, kama Allah alivyoamrisha katika An-Nisaa, aya ya 58. Nyumba utakayoijenga kwa cha juu, siku moja nayo itauzwa na warithi wako. Wewe utakuwa kaburini ukiulizwa ilitoka wapi.

Wabillahi tawfiq.