Mkono Uumao Baada ya Sindano ya Chanjo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mwili akaujaalia maradhi na afya, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa katika darasa yetu ya baada ya Magharibi, hapa Garissa, suala ambalo wengi wanalo nyoyoni wala hawalisemi. Muulizaji ni mtu mzima mwenye mkokoteni wa punda, auzaye maji mitaani. Asema kwamba alidungwa sindano ya chanjo begani, na usiku uo huo mkono ukamuuma. Wenziwe waliodungwa siku moja naye walipoa kwa siku mbili tatu, lakini yeye huu ni mwezi wa pili, hawezi kuinua mtungi wa maji, hawezi kulala kwa ubavu ule, na akileta takbiri mkono hufika kifuani ukakwama. Auliza: je, hii ni adhabu kwa kuwa aliitia mwilini dawa asiyoijua? Je, sala yake yasihi? Na je, awapeleke watoto wake wakachanjwe, au awazuie?

Twataka kumjibu kwa ukweli, na ukweli huo waanza kwetu sisi wenyewe.

Mwaka 2021, chanjo ya korona ilipofika Kenya, tulisimama mimbarini tukawahimiza watu waende wakachanjwe. Katika hilo hatujuti. Lakini tuliongeza neno, tukasema kwamba sindano ile haina dhara lolote kwa mtu yeyote. Neno hilo tulilisema kwa nia njema, ila hatukulisema kwa ilimu, na nia njema haigeuzi ujinga ukawa ilimu. Kisha Mwenyezi Mungu akatuonjesha. Tulipokuwa twajitayarisha kwenda Hija tulidungwa sindano ya homa ya uti wa mgongo, ambayo kila mwenye kuhiji hutakiwa awe nayo si chini ya siku kumi kabla ya kufika Saudia. Watu walikuwa wengi, kila mmoja ana haraka. Sisi tulikuwa tumekaa, aliyetudunga alikuwa amesimama. Hatukuvua kanzu, tulivuta tu shingo yake kando, na sindano ikaingia juu kabisa, karibu na mfupa. Usiku ule hatukulala. Tulikwenda Makka na mkono umeganda, tukatupa vijiwe vya Jamarati kwa taabu kubwa, na maumivu hayakutuacha ila baada ya miezi mitano.

Na lililo baya zaidi ni kwamba tuliyaficha. Tuliporudi na watu wakaja kutupa mkono, tulitoa mkono huku twauma meno. Tulijiambia: tukisema, wale wasemao kuwa chanjo ni sumu watapata silaha, na akina mama watawazuia watoto wao. Basi tukanyamaza, na kunyamaza kwetu tukakuita hekima. Sasa twaona kwamba mtu huyu wa mkokoteni, na wengine mfano wake, walikuwa wakiumia peke yao, kila mmoja akidhani ni yeye tu, na sisi tulio na khabari zao twapita tukiwaamkua.

Tena twakumbuka kisa alichokipokea Abu Daud, cha mtu aliyepasuka kichwa safarini kisha akapatwa na janaba. Wenziwe wakampa fatwa kwamba hana ruhusa ila kuoga. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata khabari aliwakemea kwa ukali, akawajulisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale walikuwa watu wema, nao hawakutaka ila kheri. Kila msomi asimamaye kusema juu ya miili ya watu na akikumbuke kisa hiki kabla ya kufungua kinywa.

Basi tuliuliza, na tuliyoyapata ni haya. Maumivu ya siku mbili tatu mahali palipodungwa ni jambo la kawaida; ni mwili unapokea mafunzo ya kupigana na ugonjwa. Hayo hayana neno. Lakini yako maumivu mengine, machache, ambayo huanza ndani ya siku mbili, yakapita wiki, yakaendelea miezi, na mkono ukakataa kuinuka. Mara nyingi sababu yake ni pale ilipoingia sindano kuliko dawa iliyomo ndani yake. Chini ya mfupa wa ncha ya bega pana kifuko chembamba cha majimaji, kilichoumbwa ili mishipa ya nyama isisuguane na mfupa. Sindano ya chanjo hutakiwa iingie katika msuli mnene wa bega, vidole viwili au vitatu chini ya ncha ile ya mfupa. Ikidungwa juu mno huenda ikaingia katika kifuko kile au katika kiungo chenyewe, na dawa iliyowekwa ili iuamshe mwili huuamsha mahali pasipopasa. Pakavimba kwa ndani, na kiungo kikashikana. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani waliandika khabari za watu 13 waliopatwa na jambo hili, na mwaka 2017 serikali ya nchi hiyo ikalitia katika orodha ya madhara ambayo aliyepatwa nayo aweza kudai fidia. Basi si jambo la kuwazia tu, wala mwenye kulalamika si mwongo, wala si mtu wa imani dhaifu.

Tukirudi katika suala la kwanza: ni adhabu? Hatuna ujuzi wa ghaibu. Tulilofundishwa ni kwamba Muislamu hapatwi na taabu wala maradhi, hata mwiba umchomao, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo katika makosa yake. Tena kusema kwamba waumwa hakuvunji subira. Nabii Ayub (A.S.) alimlalamikia Mola wake, na Mola akamsifu kwa subira. Na katika Bukhari imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alilia kichwa chake, na Mtume (S.A.W.) akasema kuwa na yeye pia kichwa chamuuma. Hakumwambia anyamaze. Subira iliyokatazwa kuvunjwa ni ile ya kumnung'unikia Mwenyezi Mungu; ama kumwambia daktari, au mke, au imamu wako, hapana ubaya hata kidogo.

Sala yake yasihi, wala asiwe na shaka. Kuinua mikono katika takbiri ni sunna. Atauinua mkono hapo unapofika, na ule mzima atauinua kama kawaida. Katika kusujudu ataweka kiganja mahali awezapo, na asichokiweza kimemwondokea, kwani Mtume (S.A.W.) alimruhusu Imran bin Husain, aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kukaa, na asipoweza asali kwa ubavu. Ama udhu, mtu na amsaidie kumiminia maji. Asikimbilie kutayamamu maadamu maji yenyewe hayamdhuru.

Kuhusu matibabu tutasema zaidi, kwa kuwa hapa ndipo watu wetu huharibikiwa. Muulizaji alituonyesha mkono wake. Juu ya lile bega lililovimba kwa ndani palikuwa na makovu matatu ya chuma cha moto, na chini yake hirizi ya ngozi. Ya hirizi tumekwisha kuyasema mara nyingi katika waraka huu, wala hatuna jipya la kuongeza. Ama kuchoma kwa moto, twajua kwamba wafugaji wa Wajir na Mandera na wa kwetu hapa wameirithi dawa hii kwa ngamia na kwa watu, lakini Mtume (S.A.W.) alipoitaja pamoja na asali na kuumika alionyesha kwamba haipendi kwa umati wake. Na moto wa juu ya ngozi wafikaje kwenye kifuko kilicho chini ya mfupa? Mtu huyu alikuwa na maumivu moja, akajiongezea vidonda vitatu.

Lifaalo ni kwenda hospitali na kueleza siku iliyodungwa, mahali ilipoingia, na mambo ambayo mkono hauwezi. Ziko dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, ila mwenye vidonda vya tumbo, au mwenye maradhi ya figo, au mja mzito, asizinunue dukani kwa kujifanyia mwenyewe. Yako mazoezi ya viungo ya kuulegeza mkono pole pole, maana mwenye kuufunga mkono kifuani kwa wiki nyingi huuzidisha kuganda. Na wengine daktari huwadunga sindano ya dawa ya uvimbe katika bega lenyewe. Wengi hupona, japo huchukua miezi. Lakini mwenye kuona mahali pamekuwa pa moto, pekundu, pana usaha, au ana homa, au mkono umekufa ganzi, asingoje hata kesho. Na maumivu ya mkono yajayo pamoja na kubanwa kifua si ya sindano. Huyo na akimbizwe.

Pamoja na hayo twasoma ile dua aliyofundishwa Uthman bin Abil-As, aliyekuwa na maumivu mwilini: kuweka mkono panapouma, kutaja jina la Mwenyezi Mungu mara tatu, kisha kujikinga Kwake mara saba. Sisi tuliisoma kila usiku, na kila asubuhi tulifanya mazoezi ukutani kama tulivyoamrishwa.

Limebaki suala la watoto. Hapa tutamtaja mtu wa karibu nasi. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 alipatwa na ndui, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kuambukizwa kama ilivyokuwa ikienea zamani. Alifanya kazi hospitalini, na chanjo ilikuwapo, ila aliiepuka kwa kuwa alidhani sindano yauma. Mwenyezi Mungu alimponya. Baadaye alizunguka Somalia akiwahimiza wazazi wawachanje watoto kwa ajili ya polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe bila ya kuona haya, na alikuwa katika kazi hiyo alipofariki mwezi wa Julai 2013. Mwaka uo huo polio ilikuwa imezuka Dadaab, na watu 14 katika Kenya wakapatwa nayo. Mwenye kutaka kujua maana ya mkono au mguu usioinuka maisha yote, na awatazame waliopoozwa na polio.

Tena baba huyu ajue kwamba chanjo ya polio ya matone hutiwa kinywani, na sindano nyingi za mtoto mchanga hudungwa pajani, na ile ya surua hukomea chini ya ngozi. Lililomfika yeye begani si la kuwahofia wao. Ama watu wazima, tukienda kudungwa na tuvue nguo mpaka bega zima lionekane, tukae, na adungaye naye akae sawa nasi. Na aliyekwisha umia aseme, adungwe mkono wa pili. Kumwambia muuguzi "bibi, teremsha kidogo" si utovu wa adabu. Sisi tuliona haya kusema, ikatugharimu miezi mitano.

Ijumaa iliyopita tuliyasema haya mimbarini, pamoja na kosa letu. Baada ya sala walitujia watu wanne, na mmoja wao ni mwanamke auzaye maziwa ya ngamia sokoni, ambaye tangu mwaka jana hubeba dumu kwa mkono wa kushoto. Jumatatu, inshallah, tutakwenda nao hospitali pamoja na mwenye mkokoteni. Watoto wake watatu amesema atawaleta siku iyo hiyo, na kadi zao.