Shahidi Darasani: Juu ya Maadili ya Kufundisha Historia kwa Watu Wazima wa Garsen

Kufundisha historia kwa watu wazima huibua swali la kimaadili ambalo halijitokezi kwa uzito uleule katika shule ya watoto, nalo ni hili: mwalimu ana haki gani ya kumsomesha mtu mambo yaliyopita ilhali mtu huyo ni sehemu ya mambo hayo, ameyaona kwa macho yake, ameyapokea kwa wazee wake, au amezika jamaa zake kwa sababu yake? Katika Kaunti ya Tana River, na hasa katika mji wa Garsen na vijiji vya delta, yaani uwanda wa chini ambako mto hujigawa katika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, swali hili halina budi kujibiwa kabla ubao haujaandikwa neno, kwa kuwa mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma au wa Kiwardei wanaweza kuketi kwenye benchi moja, kila mmoja akiwa na simulizi kamili ya mto uleule, na simulizi ya mmoja ikawa ndiyo shtaka dhidi ya mwenzake.

Elimu ya watu wazima nchini Kenya, ambayo wengi huiita ngumbaru, ilipewa msingi wa kisheria mwaka 1966 kwa Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima, kisha mwaka 1979 ikaundiwa idara yake serikalini wakati wa kampeni kubwa ya kufundisha kusoma na kuandika. Kwa vile lengo lilikuwa kisomo, yaani uwezo wa kusoma, kuandika na kuhesabu, historia iliachwa nyuma, ikawa somo la wachache wanaoendelea hadi mtihani wa sekondari, na hata hapo hufundishwa zaidi kama orodha ya tarehe na mikutano ya katiba. Mpangilio huu unafaa kupingwa. Unachukulia kwamba asiyejua herufi hana historia mpaka aijue herufi, ilhali katika bonde la Tana sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu karne zilizopita imehifadhiwa vinywani mwa watu ambao sensa huwahesabu kuwa hawana kisomo. Mbrazili Paulo Freire alikosoa elimu inayomtendea mwanafunzi kama chombo kitupu cha kujazwa. Katika darasa la historia la Garsen kasoro hiyo hugeuka kuwa dhuluma, kwa sababu kinachopuuzwa ni ushahidi.

Mwanafunzi mtu mzima, basi, ni shahidi, na hadhi hiyo humpa haki ya kusikilizwa lakini humbebesha pia wajibu ambao mtoto hana. Inafaa kutenganisha hapa kumbukumbu na historia. Kumbukumbu ni yale ambayo mtu au jamii hubaki nayo juu ya yaliyopita, pamoja na hisia zilizoyashikilia. Historia ni kumbukumbu iliyokubali kuulizwa maswali, ikalinganishwa na kumbukumbu za wengine, na maandishi, na mabaki ya ardhini, na lugha. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alitaja upendeleo wa mtu kwa kundi lake au kwa rai yake kuwa miongoni mwa sababu kuu za uongo kuingia katika habari, kwa maana nafsi iliyokwisha kuegemea upande huipokea bila uchunguzi habari inayoufaa upande huo. Waswahili walilisema jambo hilohilo kwa ufupi: mwamba ngoma huvutia kwake.

Mvutano mkubwa wa Tana huhusu swali la nani alitangulia. Wapokomo, ambao mashamba yao hufuata kingo za mto na kutegemea maji ya mafuriko, husimulia asili ya Shungwaya, nchi ya kaskazini ambayo mapokeo ya jamii nyingi za pwani huitaja, na huuhesabu ukingo kuwa urithi wao. Waorma, wanaosema lugha ya Kioromo, hukumbuka enzi ambazo mifugo yao ilitawala nyika za pande zote za mto, nao hutetea malka, yaani njia na vituo ambavyo mifugo hupitia ili kufikia maji wakati wa kiangazi. Simulizi zote mbili zina ukweli, lakini kila moja huacha jambo linaloiudhi. Katika karne ya 19 jamii za Kipokomo zilikuwa zikitoa sehemu ya mazao kwa Waorma waliokuwa na nguvu zaidi, na kumbukumbu ya unyonge huo ingali hai. Vilevile, katika miaka ya 1860 Waorma walivunjwa na vita vya Wasomali, wakapoteza watu na ng'ombe kwa wingi, hata mamlaka yao ya zamani hayakurudi tena, na Wawardei, ambao historia yao imefungamana na ya Waorma na ya Wasomali, hawawezi kueleweka nje ya mapigo hayo. Anayesimulia kodi bila kusimulia maangamizi, au maangamizi bila kodi, amesema nusu.

Tena kuna wale ambao pande zote mbili huwasahau. Waata, wawindaji ambao pwani imewaita pia Wasanye, na Wadahalo, ambao lugha yao ya Kikushi ina sauti za kidoko zisizo za kawaida katika lugha za jamaa yake na ambazo wanaisimu wengi huzichukulia kuwa mabaki ya lugha ya wawindaji wa kale, huliweka swali la nani alitangulia katika hali ya kutatanisha, kwani ikiwa haki hutokana na kutangulia tu, basi wanaostahili kudai ndio wasio na shamba wala kundi la ng'ombe. Lugha nyingine za bonde hilo nazo ni ushahidi ambao hakuna aliyeupanga kwa hila. Kipokomo ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kiswahili, Kimijikenda na Kikomori. Kiilwana, kinachosemwa na Wailwana au Wamalakote upande wa juu wa mto, ni cha kundi hilohilo lakini kimepokea mengi kutoka kwa Kioromo, jambo lisilowezekana bila vizazi vya kuishi pamoja, kuoana na kufanya biashara. Darasa linaloorodhesha maneno ambayo lugha za mto zimeazimana huwa limefungua jalada ambalo mwanafunzi asiyejua kusoma analisoma vizuri kuliko mwalimu wake.

Hata mto wenyewe hauthibitishi madai ya umilele. Tana umehama mkondo mara nyingi, na katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni uliuunganisha na mto Ozi, hata maji yake yakawa yanaingia baharini Kipini; magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili uliochimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman, yako karibu na hapo, nayo yanaonyesha kwamba mlango wa mto ulikuwa na wenyeji wengine ambao leo hawamo katika mabishano. Mwaka 2001, mpango wa kupima ardhi na kuigawa kwa hati ulipozua hofu kwamba kingo zingefungwa na malka zikapotea, damu ilimwagika, na kila upande ulitumia historia kama hati. Lakini kutangulia ni hoja dhaifu kimaadili. Hueleza jinsi watu walivyofika mahali. Haitoshi kuamua kwamba ng'ombe afe kwa kiu mita mia moja kutoka majini, wala kwamba mahindi ya mjane yalishwe mifugo usiku. Darasa lililofanya kazi yake humfikisha mwanafunzi mahali pa kuona kwamba haki ya kutumia mto inahitaji misingi mingine, kama vile haja, kazi, ahadi za kale baina ya wazee, na sheria, na kwamba historia ni shahidi wa ahadi hizo kuliko kuwa hakimu wa nani mwenye nchi.

Wapo wanaoona kuwa heri mambo hayo yasiguswe. Kuanzia Agosti 2012, watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, walipouawa katika kijiji cha Riketa, hadi shambulio la kijiji cha Kipao mwezi Desemba, baada ya mashambulio ya Chamwanamuma na Kilelengwani, delta ilipoteza watu wengi kiasi kwamba aliyepona ana sababu ya kuogopa kila neno linaloyarudisha. Yaliyopita si ndwele, husemwa katika mabaraza, tugange yajayo. Mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Nietzsche, katika insha ya mwaka 1874 juu ya manufaa na madhara ya historia kwa maisha, alitetea jambo linalokaribiana na hilo: kwamba kiumbe asiyeweza kusahau chochote hawezi kutenda. Pingamizi hili linastahili heshima, maana hutoka kwa watu walioumia.

Jibu lake, hata hivyo, limo katika kaunti hiyohiyo. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu 11 wa Mau Mau, waliokuwa wamefungwa bila kesi, walipigwa hadi kufa na askari wa kambi, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa vifo ulifichua vipigo. Baada ya uhuru viongozi walihimiza kusamehe na kusahau, na Mau Mau ilibaki kundi lililopigwa marufuku hadi mwaka 2003. Lakini walionusurika katika kambi za kizuizini hawakusahau, wakaishtaki Uingereza, ambayo mwaka 2011 ilikiri kuwa na majalada ya kikoloni yaliyofichwa katika kituo cha serikali yake cha Hanslope Park, na mwaka 2013 ikakubali kuwalipa walalamikaji 5,228 pauni milioni 19.9. Kilichoitwa kusahau kilikuwa kunyamazisha. Somo la pili ni zito zaidi kwa mtu anayeanza kujifunza kusoma: karatasi yenye muhuri ilidanganya, na walioumia walikuwa wamesema kweli kwa mdomo.

Ikiwa kunyamaza si njia, basi ni namna gani ya kusema inayofaa? Hapa dini mbili za bonde la Tana, Uislamu wa Waorma, Wawardei na Wapokomo wa juu, na Ukristo ambao Wamethodisti wa Golbanti na wamisionari wa Neukirchen walioanzisha kituo cha Ngao mwaka 1887 waliueneza kwa Wapokomo wa chini, zina msingi wa pamoja ambao elimu ya serikali haijautumia. Qur'ani, katika sura ya An-Nisaa, inawaamuru waumini wasimamishe uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Mungu hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Amri Kumi nazo hukataza kumshuhudia jirani uongo, na anayetajwa pale ni jirani, yule wa ng'ambo ya uzio. Katika mapokeo yote mawili, kutoa ushahidi ni tendo la ibada kabla ya kuwa tendo la mahakama, na kipimo chake ni utayari wa msemaji kutaja lililo zito kwake mwenyewe.

Kipimo hicho kinaweza kuwa kanuni ya darasa. Wanazuoni wa hadithi walianzisha isnadi, yaani mnyororo wa majina ya waliopokezana habari, ili ijulikane nani aliisikia kwa nani na kama alikuwa mwaminifu. Mwanafunzi wa Garsen anaweza kutakiwa vivyo hivyo aeleze kama aliliona jambo, alilisikia kwa bibi yake, au alilipata katika mkutano wa siasa mwaka wa uchaguzi. Kisha atakiwe kuisimulia simulizi ya jirani yake, mbele ya jirani huyo, mpaka jirani akiri kwamba ndivyo anavyoisema. Halazimiki kuiamini. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kukariri tarehe, na pengine ndiyo elimu kamili zaidi ambayo mtu mzima anaweza kuipata, kwa kuwa humtaka aubebe kwa uaminifu mzigo wa maneno yasiyo yake.

Mipaka ipo, nayo si midogo. Kwa Wapokomo, ngadzi, ngoma kubwa takatifu ya wazee wa Kidjo, haikuwa ya kuonwa na kila mtu, na elimu iliyoambatana nayo haikuwa ya kila mtu; maofisa wa Kiingereza waliitwaa mwanzoni mwa karne ya 20, na imo katika ghala la Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, tangu 1908. Mwalimu anayeeleza jinsi ngoma hiyo ilivyotwaliwa anatimiza wajibu wake, lakini akidai siri zake zielezwe darasani anarudia kosa la aliyeitwaa. Kwa upande mwingine, wanawake, ambao ndio wengi katika madarasa ya watu wazima nchini Kenya, wanashika maarifa ambayo mabaraza ya wanaume hayakuyaita historia. Wimbo wa taifa la Kenya, uliotungwa mwaka 1963, umejengwa juu ya sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza watoto, na ni sauti iliyohifadhiwa migongoni na mapajani mwa akina mama wa mto huu, bila daftari.

Msamaha pia hauwezi kuwekwa katika mtaala. Aliyefiwa Riketa au Chamwanamuma hawajibiki kusamehe ili darasa lifaulu. Linalodaiwa kwake ni kutosema uongo, na kwa wenzake ni kumsikiliza.

Upo upande mmoja ambao bado haujaketi darasani. Mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, Masinga mwaka 1981, hadi Kiambere mwaka 1988, yaliipa Kenya sehemu kubwa ya umeme wake, lakini yalibadilisha mafuriko ambayo mpunga wa Mpokomo na malisho ya kiangazi ya Muorma viliyategemea. Miradi ya umwagiliaji nayo ilitwaa ardhi ya mafuriko, na matuta ya mradi wa mpunga wa delta yakavunjwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Majirani waliokuwa wakigawana mto uliopungua walilaumiana wao kwa wao, ilhali maamuzi yalifanywa mbali nao. Amri ya kujishuhudia inaihusu dola pia. Nyaraka za maamuzi hayo, pamoja na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa kwa rais mwezi Mei 2013 na matokeo ya tume iliyochunguza mauaji ya delta, ziliandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Darasa la Garsen lina haki ya kudai ziletwe kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma, zisomwe kwa sauti, na afisa wa serikali aje aketi kwenye benchi, aulizwe maswali kama shahidi mwingine yeyote.