Je, Maji ya Mfereji Yauzika?



Tumeletewa swali na ndugu mmoja wa usharika, mtu wa bara, ambaye akaa Jambiani, upande wa kusini mashariki wa Unguja, kwa ajili ya kazi. Nyumbani kwao ndugu zake wataka kuuza shamba kubwa la mpunga lenye mfereji, nao wangoja sahihi yake. Mnunuzi yuko tayari, na bei ni njema. Auliza: Je, nikitia sahihi nimekosa?

Kwanza tumwambie lisilo na shaka: kuuza shamba si dhambi. Ibrahimu alilinunua shamba la Makpela, apate kumzika Sara, kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya watu wote waliokuwa mlangoni pa mji. Yeremia naye alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, akaandika hati na kuweka mashahidi, hali mji umezungukwa na adui. Mambo hayo yalifanywa mchana, kila mwenye haki akiwapo.

Lakini tumkumbuke Nabothi. Wengi hudhani Ahabu alianza kwa jeuri. Sivyo, alianza kwa bei. Alitaka bustani ya mboga tu karibu na nyumba yake, akaahidi shamba lililo jema zaidi, au fedha kadiri ya thamani yake. Ni wanunuzi wangapi leo watoao maneno mazuri kama hayo? Ubaya ulitokea pale neno la kukataa lilipokosa mahali pa kukaa. Naye Luther, akiieleza amri ya tisa katika Katekisimo Ndogo, hamtaji mwizi wa usiku, bali yule autamaniye urithi wa jirani kwa hila, akautwaa huku akijionyesha kuwa ana haki. Watoto wa kipaimara hulikariri neno hilo vizuri. Sisi wazee twalisahau tuonapo karatasi yenye muhuri.

Jambo hili si la zamani za Ahabu tu. Huko Kapunga, wilaya ya Mbarali, katika nchi ya Usangu, palikuwa na shamba kubwa la mpunga la shirika la serikali. Mwaka wa 2006 liliuzwa kwa kampuni. Hesabu ya ardhi iliyouzwa ilikuwa hekta 7,370, na ndani yake zilikuwamo hekta 1,870 za kijiji cha Kapunga. Watu walikuwa wakilala katika nyumba zao, nazo zimekwisha kuhesabiwa kuwa shamba la mwingine. Kwa miaka mingi wakalia warudishiwe. Hati ilikuwapo, na fedha zilikuwa zimelipwa. Wenye kijiji ndio hawakuulizwa.

Tena liko jambo la maji, nalo kwetu ni zito kuliko la mipaka. Mashamba ya Usangu hunyweshwa na mito iingiayo Ruaha Mkuu, na mto huo, tangu mwaka wa 1993, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi huko chini, katika hifadhi ya Ruaha. Hatusemi kwamba shamba moja ndilo lililoukausha; wakulima wa mifereji ni wengi, na wafugaji nao wamo. Twasema tu kwamba auzaye shamba la namna hii auza na mlango wa maji, na jirani aliye chini ya mto yumo katika biashara hiyo, ijapokuwa hakuitwa wala hakupata senti.

Ndugu yetu aweza kuyaona haya hapo hapo alipo. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, wanawake wa Jambiani hushuka kufunga mbegu za mwani katika kamba na vigingi, kazi iliyoanza pwani ile yapata mwaka wa 1989. Si kazi nyepesi: bei yake ni ndogo, na joto la bahari laua mwani ulio wa thamani zaidi. Lakini bahari hupanda mara mbili kwa siku, ikanywesha kamba za mjane na za mwenye nguvu pamoja, wala hakuna awezaye kumfungia mwenzake. Mfereji sivyo. Mfereji una mlango, na mlango una mwenyewe.

Basi, ndugu, usitie sahihi ukiwa Unguja. Vuka uende kwenu, uufuate mfereji kwa miguu hata mahali maji yanapoishia, uwaulize wanaolima huko kama wamesikia habari za mnunuzi. Kwa sheria ya mwaka wa 2009 maji ya bara ni mali ya watu wote, na mwenye mfereji hutumia kwa kibali. Uliza kibali chenu kiko wapi, na chasema nini. Mnunuzi akikataa kungoja, mwache aende. Nauli ya boti na basi ni ghali, twajua, nao ndugu zako watakukasirikia.

Tena katika barua yako umetutajia ndugu waume wanne, na fungu la kila mmoja. Dada zako hukuwataja. Tutangoja barua yako ya pili.